Ganuni kinyumenyume: kwa nini haikai kwenye mdundo

"Assalaam aleikum mwalimu, na shikamoo. Nipo Ng'ambo, Unguja. Narekodi chumbani kwa kompyuta ya mkononi, maikrofoni ya USB na programu ya Audacity. Tunatengeneza wimbo wetu wenyewe: mimi naimba, rafiki yangu wa Chake Chake anapiga ganuni, ile ala ya nyuzi, na hunitumia vipande vyake kwa WhatsApp. Nataka ndani ya wimbo mle sauti ya kinyumenyume. Ganuni ije kwa chini, ipande, ipande, mpaka ifikie ubeti. Na sauti yangu itanguliwe na mwangwi kabla sijatamka neno la kwanza. Nimejaribu wiki nzima, ninachopata ni vurugu. Ganuni haikai kwenye mdundo hata nikiisogeza, tena inasikika kama imetoka kwenye tyuni. Sauti yangu imekuwa lugha isiyojulikana. Feni inanguruma kuliko mwanzo. Juzi bibi yangu alipita mlangoni akasikia, akasema sauti inayorudi nyuma ni kuita mashetani, niache. Je, ninunue programu nyingine? Na bibi nimjibu nini?"

Waaleikum salaam, na marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, nikafurahi kuona umesikiliza kazi yako mpaka ukajua hasa nini kinakuudhi. Wengi huniletea wimbo wakasema tu "haujakaa sawa". Wewe umenitajia mdundo, tyuni, maneno, feni na bibi, kila kimoja mahali pake, kwa hivyo na mimi nitakujibu kimoja kimoja.

Fedha yako iweke. Audacity haina kosa katika hili. Unachokifanya kipande cha ganuni ni kukipanga kwa mwanzo wake, kama unavyopanga sauti nyingine zote, na sauti iliyogeuzwa hupangwa kwa mwisho wake. Halafu yapo matengenezo unayafanya baada ya kugeuza ambayo yalitakiwa yafanywe kabla. Ukiyaelewa hayo mawili, mengi uliyonieleza yatatulia yenyewe.

Tuanze na kinachotokea ndani ya kompyuta, maana hapo ndipo watu wanapodhani pana siri. Sauti uliyorekodi imehifadhiwa kama msururu wa namba, kwa kawaida namba 44,100 kwa kila sekunde moja, na kila namba inaeleza wimbi lilikuwa juu au chini kiasi gani katika nukta hiyo ya wakati. Ukibonyeza amri iliyoandikwa Reverse, kompyuta inausoma msururu ule kutoka mkiani kuja kichwani. Basi. Haiongezi namba wala haipunguzi, na ndiyo sababu ukigeuza mara mbili unapata ulichoanza nacho, namba kwa namba. Programu ya bei kubwa itausoma msururu huohuo kwa njia hiyohiyo.

Sasa fungua kipande kimoja cha rafiki yako, ukikuze mpaka noti moja ijaze kioo kizima. Tazama umbo lake. Kushoto mstari umelala, kimya. Kisha ghafla unasimama ukuta: hapo ndipo kipande cha kuchapia kilipoachia nyuzi. Ganuni kwa kawaida ina nyuzi tatu tatu kwa kila noti, na zote tatu hufika kileleni ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Baada ya hapo wimbi linapungua polepole, linakonda, linakuwa jembamba kama mkia wa samaki taa, sekunde mbili, tatu, mpaka linapotelea kwenye mvumo wa chumba. Kichwa kizito, mkia mrefu. Udi uko hivyo, dumbaki iko hivyo, na matoazi ndiyo zaidi.

Geuza, na mkia ndio unaotangulia. Sauti inaanza pasipo na kitu, inanenepa, inapanda, kisha inaugonga ule ukuta na kukatika. Sikio la binadamu halipokei jambo hili kwa utulivu. Mwaka 1998 mtafiti John Neuhoff alionesha kuwa watu wakisikilizishwa sauti inayopanda na sauti inayoshuka kwa kiasi kilekile, wao huiona ile inayopanda imebadilika zaidi. Inaeleweka: kinachopanda sauti, katika maisha, mara nyingi ni kitu kinachokujia. Ukiwa unavuka barabara pale Darajani na ukasikia gari nyuma yako, hungoji kugeuka. Kipande cha ganuni kilichogeuzwa kinamgusa msikilizaji palepale. Anajua kitu kinakuja, naye anaanza kukingoja.

Anangoja nini? Anangoja ule ukuta. Na ukuta sasa uko mwisho wa kipande. Wewe umeukamata mwanzo wa kipande ukauweka kwenye pigo, na mwanzo wake ni mkia usiosikika, kwa hivyo umelikabidhi pigo lako kwa kitu ambacho hakuna anayekisikia, na sehemu nzito imeanguka popote ilipoangukia. Ukisogeza, unausogeza tena mwanzo. Ndiyo maana wiki nzima haikukaa.

Fanya hivi. Hesabu mwendo wa wimbo wako. Tuseme ni mapigo 90 kwa dakika: pigo moja ni sekunde 0.67 hivi, na mzunguko wa mapigo manne ni sekunde 2.67. Chukua noti ya ganuni kabla hujaigeuza. Ule ukimya ulio mbele ya ukuta ukate wote, mpaka wimbi lianze palepale unapoanzia ukuta, kwa sababu ukimya huo ukiuacha utageuka kuwa kijipengo baada ya kilele, na kilele kitafika kabla ya pigo. Kisha kata mkia kwenye sekunde 2.67, na nusu ya mwisho ya mkia huo uififize polepole hadi sifuri. Sasa ndipo ugeuze. Umepata kipande ambacho kinaanza kupanda kwenye pigo la kwanza la mzunguko na kugonga kwenye pigo la kwanza la mzunguko unaofuata. Weka alama kwenye pigo unalolilenga, kuza picha, na sogeza kipande mpaka ncha yake ya kulia iguse ile alama. Macho yako yasiutazame upande wa kushoto kabisa.

Pale mwisho huenda ukasikia mlio mdogo, "tik", kama kucha kwenye meza. Ni wimbi lililokatwa kabla halijarudi kwenye mstari wa katikati. Chagua milisekunde tano au kumi za mwisho tu, uzififize. Ukizidisha, utaupoteza ukuta na kipande kitafika kimelegea. Mimi huona ni bora zaidi kumwachia mpiga dumbaki kazi hiyo: kama "dum" yake inaanguka pigo lilelile, itaifunika ile ncha na msikilizaji atahisi ganuni imeingia ndani ya ngoma. Hapo ndipo mchezo huu unapopendeza.

Kuhusu tyuni. Kugeuza hakuhamishi noti. Uzi uliotetema mara 220 kwa sekunde utatetema mara 220 ukisomwa upande wowote, na robo sauti za maqamu kama Rast na Bayati, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, zinabaki pale rafiki yako alipozitega. Unachokisikia kina sababu nyingine. Uzi ukichapwa kwa nguvu huwa juu kidogo kwa nukta ya kwanza kisha unatulia mahali pake, na sikio limeshazoea kusamehe. Ukigeuza, utulivu unatangulia na ule mwinuko unakuja mwisho, mahali ambapo sikio limekaza. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: sauti yako ya ganuni inapanda juu ya mzunguko uliotangulia. Kama besi na fidla wanabadilisha noti za chini pale ubeti unapoanza, basi ganuni, ambayo ni ya ubeti mpya, imekaa sekunde mbili na zaidi juu ya noti za zamani, na zinagombana. Chagua noti inayokubaliana na pande zote mbili za mpaka. Mara nyingi ile noti ya nyumbani ya maqamu, pale wimbo unapotulia, itakubali. Jaribu hiyo kwanza kabla hujamwambia rafiki yako atege ganuni upya.

Na kama uligeuza kirai kizima, yaani noti saba au nane kwa pamoja, pana jambo jingine: mpangilio nao umegeuka. Alichokipanda kimeshuka, na kila mkwaruzo wa kidole uliokwenda juu sasa unakwenda chini. Zipo njia mbili za kuyarudisha mahadhi mahali pake. Ya kwanza ni kukata noti moja moja, kugeuza kila moja peke yake na kuzipanga upya kwa mfuatano wa awali. Ni kazi ya kuchosha, na mikia ya ganuni inaingiliana, kwa hivyo utakata noti moja ukute ndani yake imo iliyotangulia. Ya pili ni ya mwanamuziki: rafiki yako ajifunze kirai kile kutoka noti ya mwisho kuja ya kwanza, akipige hivyo, nawe ukigeuze. Mahadhi yatatoka mbele, lakini kila noti itazaliwa kutoka mkiani. George Harrison wa The Beatles alifanya jambo la namna hii kwa gitaa mwaka 1966 jijini London, kwa mkanda. Hutoka vizuri kuliko njia ya kwanza, ila inataka subira. Kwa wimbo wenu nyinyi, kama unaniuliza mimi, ningetumia noti moja tu, mara moja au mbili katika wimbo mzima. Ganuni ina maneno mengi ya kusema ikiwa mbele. Ukiigeuza kila ubeti, utawanyima watu utamu wa vidole vya mwenzako.

Hapo nikuombe kitu kuhusu hivyo vipande vinavyotoka Chake. Kama anakurekodia ujumbe wa sauti wa WhatsApp, sauti imeshabanwa kabla haijakufikia. Kubana kunatupa vitu ambavyo sikio halivitambui kwa mpangilio wa kawaida: sauti kubwa hufunika uchafu unaoifuata mara baada yake, na hufunika kidogo sana ule unaoitangulia. Wanaotengeneza mbinu hizi wanaijua tabia hiyo na wameitumia. Ukigeuza, uchafu uliokuwa umejificha nyuma ya kilele unasimama mbele yake, wazi kabisa. Mwambie arekodi faili la WAV, ambalo halijabanwa, na alitume kama hati, si kama ujumbe wa sauti. Ni zito, kama megabaiti 5 kwa dakika ikiwa ni mono, yaani chaneli moja, lakini noti tatu za ganuni hazifiki dakika.

Tuje kwenye sauti yako. Uliposema imekuwa lugha isiyojulikana, umesema kweli kuliko unavyodhani. Kiswahili chetu, karibu kila neno linaishia kwa irabu: bahari, mpenzi, moyo, njoo. Ukigeuza, kila neno linaanza kwa irabu na mara nyingi linaishia kwa konsonanti iliyokatika: bahari inakuwa kitu kama "irahab". Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa umekwenda silabi ya pili kutoka mwanzo. Na herufi kama p, t na k, ambazo ni kufunga kinywa kisha kupasua, sasa zinapasuka kwanza ndipo zifunge. Hakuna Mswahili anayetamka hivyo, kwa hivyo sikio lako linakwambia huyu ni mgeni. Hilo huwezi kulitengeneza kwa kitufe chochote, na huna haja. Ulichokitaka wewe si maneno yageuke. Ulitaka mwangwi ugeuke na maneno yabaki mbele. Hayo ni mambo mawili tofauti, nawe umefanya la kwanza ukitafuta la pili.

Mwangwi unaotangulia neno hutengenezwa kwa kugeuza mara mbili. Kabla ya chochote, ongeza ukimya wa sekunde nne mwanzoni mwa traki zote kwa pamoja, ili wimbo mzima usogee mbele na usiharibu mpangilio. Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka, na nitakwambia punde kwa nini inauma. Kisha chagua sauti yako kuanzia sifuri kabisa, ukimya ukiwemo, mpaka mwisho wa neno la kwanza tu. Bonyeza Ctrl na D, nakala itaingia kwenye traki yake chini. Traki ya juu usiiguse tena. Ile nakala igeuze. Sasa neno liko mwanzoni, kinyumenyume, na zile sekunde nne za ukimya ziko nyuma yake. Bila kubadilisha ulichochagua, ipitishe kwenye Reverb, yaani kitengeneza mwangwi, weka alama kwenye Wet Only ili utoke mwangwi mtupu bila neno lenyewe, na Pre-delay uishushe sifuri ili pasiwe na pengo baina ya mwangwi na neno. Mwangwi utaingia kwenye ule ukimya na kufa polepole. Igeuze mara ya pili.

Neno sasa liko mbele kama ulivyoliimba, na mwangwi wake umehamia nyuma ya wakati: unaanza kimya, unapanda, unakufikisha mlangoni, na neno la traki ya juu linafunguka. Kama usingeweka ukimya, Audacity ingeukata mkia wa mwangwi pale ulipoishia uchaguzi wako, na ungebaki na mwangwi uliokatwa kichwa. Na kama ungeuweka kwenye traki moja tu, sauti yako ingeachana na ngoma.

Sikiliza rangi ya mwangwi wenyewe. Unachukua zaidi ile silabi ya kwanza, kwa sababu katika nakala iliyogeuzwa silabi hiyo ndiyo iliyotoka mwisho na mkia wake ndio mrefu. Ukianza na "bahari" utapata "aaa" inayofunguka mpaka "ba". Ukianza na "usiku" utapata mvumo mzito wa "uuu", mzuri sana kwa wimbo wa huzuni. Lakini ukianza na "shamba" au "sitaki", kutatoka mchemko wa birika kabla ya neno, na itabidi uzipunguze sauti za juu za mwangwi. Nakala hiyo ishushe mpaka uihisi kuliko kuisikia, na pale neno linapoanza ikate, isije ikalitia ukungu neno lenyewe.

Fanya haya yote kwenye nakala, mwanangu, na hili nalisema kwa uchungu. Miaka ya kaseti nilikuwa na mashine ya traki nne Vikokotoni. Tulikuwa tukitaka kinyumenyume tunaitoa kaseti, tunaigeuza upande wa pili, na mkanda unapita nyuma-mbele. Lakini kaseti ikigeuzwa, traki nazo zinapinduka: ya kwanza inakuwa ya nne, ya pili inakuwa ya tatu. Usiku mmoja nilisahau, nikabonyeza kurekodi kwenye traki niliyodhani ni tupu, nikaifuta sauti ya mwimbaji aliyekuwa ametoka Bububu kuja kuimba. Alirudi wiki iliyofuata akaimba tena, kwa hisani yake, lakini ile sauti ya siku ya kwanza haikupatikana. Bado naikumbuka.

Feni haingurumi zaidi. Umeisogeza tu mbele. Katika sauti ya kawaida, ganuni inapiga na feni inabaki kwenye mkia, ambako hakuna anayesikiliza. Ukigeuza, feni ndiyo inayofungua kipande, peke yake, ndipo ganuni ijengeke juu yake. Izime wakati wa kurekodi, tundika godoro nyuma yako, na rekodi usiku baada ya isha, mtaa ukitulia. Kama kipande kimesharekodiwa, punguza uchafu kabla ya kugeuza: chagua sekunde moja yenye feni tupu, ifundishe programu, kisha isafishe kwa kiasi. Ukisafisha sana, mkia wa ganuni utaanza kutoa maji maji, na mkia ndio uliouhitaji.

Na bibi. Kwanza usimjibu kwa kumcheka, wala usimwambie hajui. Kizazi chake huenda kilikuwa na gramafoni nyumbani, na mtoto aliyeizungusha santuri kwa kidole kurudi nyuma alisikia sauti ya mtu anayejulikana ikitamka visivyojulikana. Inatisha kweli. Mimi nikiwa mdogo iliniogopesha. Ninachoweza kukueleza ni sababu ya kuona ujumbe ndani yake. Mwaka 1985 wanasaikolojia wawili wa Kanada, John Vokey na Don Read, walichapisha majaribio yao: waliwasikilizisha watu maneno yaliyogeuzwa, na watu wale waliweza kutambua kama msemaji ni mwanamume au mwanamke, lakini maana hawakuipata. Walipoambiwa mapema sentensi ya kuisikilizia, wengi wakaisikia, ingawa haikuwekwa na mtu. Sikio halipendi kuachwa bila maana. Likipewa fununu litajijazia. Mkaribishe bibi chumbani, mwambie aseme jina lake kwenye maikrofoni, ligeuze, kisha ligeuze tena mbele yake asikie limerudi vilevile. Aone kwa macho yake mlima ukihama kutoka kushoto kwenda kulia.

Lakini kuna sehemu ya wasiwasi wake ninayokubaliana nayo kabisa. Nyumba za Ng'ambo ziko karibu karibu na misikiti haiko mbali. Kabla hujageuza kipande chochote, sikiliza nyuma ya sauti: je, imeingia adhana, au mtu anasoma Qur'ani jirani? Kama imo, usikigeuze. Rekodi upya. Maneno hayo hayachezewi, na hakuna wimbo unaodai hivyo. Na kama swali la bibi ni la halali na haramu, hiyo si fani yangu. Nendeni wawili kwa sheikh wa mtaa wenu, naye asikie kitu chenyewe badala ya kusimuliwa.

Kuhusu programu nyingine, kwa ufupi: REAPER inageuza kipande bila kugusa faili la asili, ambayo ni raha, na FL Studio ina kitufe cha kugeuza kwa kila sauti unayoipakia. Ukizoea kazi na ukahisi Audacity inakuchelewesha, jaribu REAPER. Inakuruhusu siku 60 za kujaribu. Sababu ya kuhama iwe hiyo, isiwe kwamba kugeuza kwake ni bora.

Yapo mambo mawili ambayo usiyatafutie jibu kwenye maandishi. La kwanza, ukigusa kompyuta au maikrofoni ukahisi umeme unakutekenya, au mngurumo mzito unabadilika kila unaposhika chuma, simamisha kazi na umwite fundi umeme aliyesomea aangalie soketi na waya wa ardhini. Usiendelee kuimba mdomo ukiwa kwenye maikrofoni hiyo. La pili ni masikio yako. Kipande kilichogeuzwa huanza chini mno, mkono unakwenda wenyewe kuongeza sauti, na sekunde mbili baadaye ukuta unafika ndani ya hedfoni. Punguza kwanza, ndipo ucheze. Ukipata mlio masikioni usioisha baada ya kulala usiku mmoja, au sikio moja likawa zito, nenda hospitali ya Mnazi Mmoja ukaonane na daktari wa masikio mapema.

Na kama umefuata yote haya na ganuni bado inasikika imepotea, basi huenda tatizo liko kwenye ganuni yenyewe. Rafiki yako akivuka kuja Unguja aje nayo, mwende Mji Mkongwe kwa walimu wa chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, wamtegee noti mbele yenu. Nusu saa na mwalimu aliyeinamia nyuzi itakuonesha kitu ambacho mimi sikioni kutoka hapa: jinsi mwenzako anavyozima mkia wa noti kwa kiganja. Kama anauzima mapema, hakuna mkia wa kugeuza, na hilo ndilo la kwanza nitakalotaka unieleze ukiniandikia tena.